Baba, nyanya za Ilula na tezi dume

Mwezi wa nne nilitoka Mbeya nikaenda nyumbani Ilula, mkoa wa Iringa, kuwasalimia wazee, usiku wa kwanza tu nikasikia mlango wa uani unafunguliwa saa sita, tena saa nane, tena saa kumi, na baridi ile. Asubuhi nikamuuliza, baba vipi, tumbo? Akaniambia ni uzee tu mwanangu. Mama ndo akaninong'oneza jikoni kwamba ana mwaka mzima hivyo, mpaka maji ameacha kunywa kuanzia mchana, na kuna unga wa mizizi kanunua stendi anakoroga kwenye uji.

Iliniuma sana. Mzee anateseka mwaka mzima kwa aibu ya kusema mkojo unatoka kwa kukatakata!

Tukaenda hospitali, akapimwa damu ile ya PSA, kipimo kinachoangalia tezi dume, na vipimo vingine, daktari akasema tezi dume, ile iliyo chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake, imetanuka ila si kansa, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Kutanuka ni kitu kimoja na kansa ni kitu kingine, ila dalili zinafanana, kwa hiyo huwezi kujua kwa kukaa nyumbani unakunywa mizizi. Kaka zangu mliofika 50 nendeni mkaongee na daktari, na kama baba au ndugu yako wa damu aliugua kansa hiyo, usisubiri 50, nenda hata ukiwa na 45, maana sisi weusi inatupata zaidi.

Sasa chakula. Baba amelima nyanya maisha yake yote, ada zetu zimetoka kwenye matenga ya nyanya pale barabara kuu, lakini yeye nyanya anaila kwenye kachumbari basi. Ile rangi nyekundu inaitwa laikopeni, na mwili unaipata vizuri zaidi nyanya ikipikwa ikaiva kabisa tena na mafuta kidogo, mana laikopeni inayeyuka kwenye mafuta. Tafiti bado hazijakubaliana kama kweli inazuia kansa, kwa hiyo simwambii mtu nyanya ni dawa, ila rojo la nyanya na maharage, mboga za majani, parachichi ambalo huku kwetu limejaa, na samaki badala ya nyama choma kila wikiendi, hicho ni chakula kizuri kwa mzee yeyote, moyo wake nao unafaidika.

Mbegu za maboga je? Kwetu tulikuwa tunakula majani na boga lenyewe, mbegu zinaenda kwa kuku, na kumbe zina zinki na mafuta mazuri. Mama saivi anazianika kwenye ungo anazikaanga kavu, bila chumvi nyingi.

Vidonge vya vitamini ndo sitaki kusikia kabisa. Marekani kuna utafiti ulianza 2001, wanaume zaidi ya 35,000, walitegemea vitamini E itawakinga, 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake kansa ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17. Mtu akikuuzia kopo la kusafisha tezi, kumbuka utafiti huo.

Maji baba amerudia kunywa, ila anayamaliza kabla ya jua kuzama, chai ya usiku kaacha, ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao kapunguza japo kwa kununa. Saivi anaamka mara moja, siku nyingine haamki. Jana kanipigia anauliza huku Mbeya, soko la Mwanjelwa, mbegu za maboga kilo bei gani, za mama zimeisha.