Kasha langu la mbao sita, na mchezo juu ya kifuniko

Kila niliyemuuliza hapa Ujerumani jinsi ya kuunda kasha aliniambia ninunue plaiwudi, nigandishe kwa gundi, nimalize. Sikukubali. Nilitaka kasha la Ulaya ya enzi za kati: mbao sita basi. Mbili za ubavuni zimesimama, zinashuka mpaka chini zinakuwa miguu, zilizobaki zimelala.

Hiyo gundi ndiyo iliyoniudhi. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ukiubana kwa gundi ubao uliolala juu ya uliosimama, hita zikianza kuwashwa tu, wa mbele unapasuka. Mafundi wa zamani walipigilia misumari ya kufuliwa na mhunzi, nami nikafanya hivyo. Msumari unauachia ubao ucheze kidogo.

Fahari yangu ni kifuniko. Juu yake nimechora mchezo wanaouita Mühle: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, imeunganishwa katikati ya kila upande, wala si kwenye pembe. Unapata makutano 24. Kila mchezaji ana kete tisa. Ukipanga tatu kwenye mstari mmoja, unakula moja ya mwenzako. Mchezo huu umo katika kitabu cha michezo alichoagiza mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla, katika Hispania ya leo, kilichokamilika mwaka 1283.

Mistari sasa! Dukani waliniuzia utepe wa wapaka rangi, unaobandikwa ili rangi isivuke mstari. Nikaujaribu kwenye kipande kilichobaki: rangi ikapenya chini yake ikifuata nyuzi za mti, ukingo ukaota ndevu. Nikautupa utepe. Nikashika kisu kikali na rula ya chuma, nikachanja kila mstari pande zote mbili, juu juu tu. Nyuzi zikishakatwa, rangi haina njia. Inafika kwenye mchanjo inasimama. Nilimwita mke wangu aje aone.

Rangi niliipika mwenyewe: maziwa yasiyo na mafuta niliyagandisha kwa siki, nikachuja na kusuuza, nikayaponda mabonge pamoja na chokaa iliyozimwa kwa maji mpaka yakalainika, nikatia udongo mwekundu uliosagwa. Itumie siku hiyo hiyo. Ikikauka inapauka, usiogope: pakaa mafuta ya kitani, wekundu unakolea palepale. Matambara ya mafuta hayo yatandaze nje yakauke, usiyarundike, kwani hupata joto yenyewe na kuwaka.

Mbao zilinigharimu euro 60 hivi. Kete ni mpini wa fagio nilioukata vipande, tisa nimezipaka nyeusi.