Video ya Sangara Wafu: Siku Yangu Moja Redioni, Mwanza

Saa 11:20 alfajiri. Kundi la WhatsApp la wasikilizaji limechafuka. Video ya nusu dakika: sangara wakubwa wanaelea matumbo juu, mtu anawasukuma kwa kasia. Chini yake wameandika, "Ziwa Victoria limewekwa sumu, msile samaki, sambaza kabla hawajaifuta." Naendesha kipindi cha mazingira kwenye redio moja hapa mjini, na leo ndiyo siku yake. Mada niliyoipanga, ya mifuko ya plastiki, imefia kitandani.

Naisikiliza tena kwa spika za masikioni. Mvuvi anaongea Kiganda. Shangazi yangu ameolewa Masaka, kwa hiyo Kiganda nakitambua hata kikipita mbali. Nakumbuka kati ya Desemba 2020 na Januari 2021 sangara walikufa kwa wingi upande wa Uganda, na serikali ya kule ikasema hewa ya oksijeni ilipungua majini baada ya dhoruba. Inaelekea video ni ya wakati ule. Lakini "inaelekea" huwezi kuipeleka hewani.

Saa 12:30 asubuhi, soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Dagaa wa visiwani wanashushwa kwa magunia, kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi, inafungwa kwa safari ya Kongo, wabeba mizigo wanakupigia kelele upishe. Hakuna mtumbwi ulioona samaki wafu. Nauliza wa Ukerewe, nauliza wa Igombe, wote wananishangaa.

Namfikia mama mmoja muuza samaki. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kuuliza sumu?"

Anamnyanyua sangara, anafungua shavu kwa kidole gumba. Jekundu, linang'aa, damu bichi. Anabonyeza ubavu, nyama inarudi. "Mteja wangu wa hoteli amenipigia saa kumi na moja, kasema leo asipelekewe. Kasema ameona kwenye simu. Sasa huyu nimpeleke wapi, nimpeleke kwenye simu?"

Dalali mmoja mzee, aliyekuwa ananisikiliza huku akihesabu hela, ananiambia vijana wa redio hatujui sumu ni neno gani hapa Mwanza. Anazungumzia 1999, mwaka ambao Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa ziwa hili, wa nchi zote tatu, kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wakitumia viuatilifu kuvulia. Bei ikaanguka. Wenye mitumbwi walioathirika hawakuwa wale waliomwaga sumu.

Saa 3:00, kikao cha habari. Mhariri anataka sentensi moja: video ni ya uongo, wananchi puuzeni. Nikakataa. Mtu mwenye kumbukumbu ya 1999 humwambii apuuze, atakuona umetumwa. Na samaki kwenye ile video wamekufa kweli! Asipoambiwa wameuawa na nini, atajaza mwenyewe. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nimepewa dakika 45, kwa sharti nipate mtaalamu.

Saa 4 hadi saa 6. Simu. Ofisi ya kwanza imeniambia niandike barua. Ya pili imesema msemaji yuko safarini. Hiki ndicho kinachonichosha katika kazi hii kuliko jua la mwaloni: mzushi haombi kibali cha mtu, anayejua ukweli anasubiri saini.

Mtafiti mmoja wa samaki amekubali, ila jina lake tusilitaje. Nimemwomba aongee kama anamweleza mama yake. Akanieleza hivi: maji ya chini ziwani huwa na oksijeni kidogo sana, kwa sababu mwani ukifa unazama na kuoza, na kuoza kunakula hewa. Upepo mkali ukiyageuza maji, yale ya chini yanapanda juu. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, ndiye wa kwanza kufa. Kamongo hana habari, anapumua hewa ya juu kama sisi. "Angalia video yako vizuri," akasema. "Ni sangara watupu. Sumu kwa kawaida haichagui hivyo."

Nikamuuliza huo mwani unalishwa na nini. Mbolea, udongo wa mashamba, na vinyesi vyetu.

Saa 7:30 mchana, Mabatini. Nimeruka chakula. Nyumba zimepanda juu ya mawe, gari la majitaka haliwezi kufika, na mtandao wa mabomba haujafika kwa kila mtu. Mvua kubwa ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanafungulia shimo uchafu uende na maji. Uchafu unashuka korongoni, unaingia Mto Mirongo, Mirongo unapita katikati ya mji na kumwaga ziwani. Kijana anayeokota makopo ya plastiki mtoni ameniambia kwenye kinasa sauti: "Makopo mnayapiga picha kwa sababu yanaonekana." Nimeirudia sauti yake mara kadhaa kwenye bodaboda.

Saa 10:00 jioni, hewani. Tumefungua kwa lile shavu jekundu. Kisha Kiganda, kisha mtafiti. Mpigaji wa kwanza kasema kosa ni la wavuvi haramu. Wa pili, viwanda. Wa tatu kaniita kibaraka wa wauza samaki, salio likamwishia kabla sijamjibu. Wa nne, mama wa makamo kwa sauti yake, kasema taratibu kwamba kwake wanatapisha, anajua ni kosa, na mwenye nyumba akiambiwa achimbe choo kingine anamwuliza, atachimbaje kwenye jiwe. Studio ikawa kimya. Nilimwacha aongee dakika zote zilizobaki, hata tangazo la mdhamini likasogezwa. Mdhamini mwenyewe anauza vinywaji vya chupa za plastiki, basi mnaweza kujua kwa nini mada ya makopo huwa tunaipita kwa haraka.

Saa 12:15 jioni. Idara ya matangazo imenipigia, haijafurahi. Muuza samaki naye kapiga: yule wa hoteli amechukua nusu ya mzigo. Nusu nyingine ameiuza kwa bei ya hasara.

Saa 2:00 usiku. Naandika tangazo la wiki ijayo. Mhariri anapendekeza "changamoto za usafi wa mazingira". Nimeandika "Kutapisha vyoo: nani alipe shimo?" na nimeshaituma. Namtafuta mwenye nyumba mmoja wa mlimani akubali kukaa meza moja na mpangaji. Ukiwa tayari, au ukimjua aliye tayari, niandikie ujumbe kabla ya Jumatatu, nauli tutakurudishia.