Usiku wa kuamkia Guangzhou

Juma lililopita shangazi yangu alipita dukani kwangu karibu na Makoroboi, Mwanza, akaketi juu ya marobota ya vitenge, akavua viatu na kunyoosha miguu, kisha akaniuliza jambo ambalo bila shaka lilikuwa limemkosesha raha kwa siku kadhaa. “Mwanangu,” alisema, “yaani usiku kucha nitakuwa nimekaa tu?” Baada ya miezi miwili tutasafiri pamoja kwenda Guangzhou kununua mapazia na mashuka, naye atapanda ndege ya masafa marefu kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 61. Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa wateja walikuwa wakinisubiri, lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi. Ninaliandika hapa kwa urefu, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzetu wengine wa Kanda ya Ziwa wanaojiandaa kwa safari kama hii.

Kabla ya mambo ya mwili kuna jambo la tarehe. Tiketi yangu ya kwanza ya China iliandikwa 00:40, tarehe 12. Nilichoelewa mimi ni kwamba ningesafiri tarehe 12 usiku, baada ya chakula cha jioni cha siku hiyo, kumbe ndege iliondoka karibu siku nzima kabla sijafunga sanduku. Wakala aliyeniuzia hakuwa amenidokeza lolote, na nauli ile sikurudishiwa. Uchungu wake ninao hadi leo, kwa sababu Kiswahili chetu kina namna ya kulisema jambo hili bila utata wowote: usiku wa kuamkia tarehe 12. Tangu hapo kila tiketi ninayopata huiandika upya kwa kalamu kwenye daftari langu la mauzo: kufika uwanjani saa tatu na nusu usiku wa tarehe 11, ndege kuondoka saa sita na dakika 40, kuamkia tarehe 12.

Mtu wa Dar es Salaam huanza kuihesabu safari ya usiku pale Uwanja wa Julius Nyerere. Sisi wa Mwanza hufika pale tukiwa tayari tumeamka alfajiri, tumekwenda uwanjani Ilemela na kuruka kwa saa moja na nusu hivi. Kosa nililolirudia mara tatu ni kutumia mchana ule kuzunguka Kariakoo, nikijiambia kwamba usingizi ningeulipa angani. Nilipanda ndege nguo zikiwa zimekauka na jasho mwilini, kichwa kinagonga, na saa kumi na zaidi za kukaa zikiwa bado zinanisubiri, maana kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou ni takribani kilomita 8,700 hata kwa njia iliyonyooka. Siku hizi nikishuka Dar es Salaam hukodi chumba cha bei ya wastani, nikaoga na kulala hadi magharibi. Fedha ya chumba hicho huiweka kwenye hesabu ya safari kama ninavyoiweka nauli, na sijawahi kuijutia.

Hewa ya ndani ya ndege nayo inafaa kueleweka. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ndege inaporuka kwenye kimo cha mita 10,000 na zaidi, hewa ya ndani husukumwa hadi ifanane na ile ya mlima wenye mita kati ya 1,800 na 2,400, kutegemea aina ya ndege. Kwa maneno mengine, usiku kucha utakuwa kama umepanda mlima ambao kilele chake kimelipita ziwa kwa mbali. Tena hewa hiyo ni kavu mno, kwani unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, na ndiyo sababu midomo hupasuka na pua kuuma ndani. Mimi hubeba chupa tupu, nikaijaza maji baada ya kupita ukaguzi (tangu mwaka 2006 viwanja vingi haviruhusu kupita na kimiminika kinachozidi mililita 100 kwa chombo), nikanywa kidogo kidogo badala ya kugida yote kwa mara moja. Kikopo kidogo cha mafuta ya mgando hukaa kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na dawa zangu zote na pawabenki, ambayo hairuhusiwi kwenye sanduku linalokwenda mizigoni.

Chakula kina funzo lake. Katika safari ya pili mama alinifungia matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga, nami kwa kukumbuka nyumbani nikavila vyote nikiwa ninasubiri ndege. Hewa iliyomo tumboni hutanuka kadiri mgandamizo wa nje unavyopungua, na kwa kimo nilichokitaja huongezeka kwa robo hadi theluthi ukilinganisha na usawa wa bahari. Tumbo langu lilikaza kama ngozi ya ngoma hadi alfajiri. Matobolwa sasa huyabeba kwa ajili ya kula nikishafika, na jioni ya safari hula wali kidogo na samaki wa kuchemsha, mapema, ifikapo saa kumi na mbili.

Lakini kilicho kizito kuliko vyote ni miguu, na hapa ndipo ninapomwombea shangazi anisikilize kwa makini. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukienda Bukoba kwa MV Victoria, meli iliyokuwa ikiondoka Mwanza usiku na kufika asubuhi. Melini mwili hujitembelea wenyewe: unakwenda kuchota maji, unamfuata mdogo wako aliyepotea kati ya mizigo, unasimama ukingoni kutazama taa za visiwani. Ndegeni hakuna kinachokunyanyua. Ni lazima uamue mwenyewe, gizani, wakati watu wote wamefunika vichwa na jirani yako amelala njiani mwako.

Asubuhi ya safari ile ya kwanza niliinama kuvaa viatu, vikakataa. Mshono wa soksi ulikuwa umechora mtaro kuzunguka kifundo cha mguu, na nilipobonyeza juu yake kwa kidole, kishimo kilibaki pale, kimetulia, kabla ya ngozi kurudi mahali pake taratibu. Nilishuka nikiwa nimekanyaga visigino vya viatu. Sababu yake ni kwamba damu ya miguuni hurudi juu kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi tunapotembea, na tukikaa muda mrefu magoti yakiwa yamekunjwa, msukumo huo hulala. Uvimbe wenyewe huisha baada ya siku moja au mbili. Kinachotisha ni damu kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, kisha kipande kukatika na kwenda kuziba mapafuni. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kujongea, iwe ya ndege, basi au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo. Kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni au aliyewahi kuganda damu, ni kubwa zaidi, naye anapaswa kumwona daktari kabla ya kulipia tiketi. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali moja kwa moja, si suala la kukandwa kwa maji ya moto.

Kwa hiyo huchagua siti ya kwenye njia, nikiuacha uzuri wa dirisha kwa wengine. Kila baada ya saa moja au mbili, nikiwa macho, huenda nyuma karibu na jiko la wahudumu, nikasimama kwa ncha za vidole na kushuka, mara ishirini. Nikiwa nimekaa huzungusha vifundo vya miguu na kukanyaga sakafu kama anayeendesha cherehani. Mkoba hauwekwi chini ya siti ya mbele, kwa sababu hapo ndipo miguu inapohitaji kunyooka.

Kuhusu usingizi sina mengi. Hauji kwa kulazimishwa, nami huridhika na vipande viwili vitatu vya saa moja moja. Chakula cha usiku wa manane hukiacha, nikajifunika kanga yangu hadi usoni na kufunga mkanda wa siti juu ya kanga, ili mhudumu auone bila kuniamsha. Pombe siigusi, na vidonge vya usingizi siwezi kumshauri mtu yeyote avinywe bila daktari, kwani vinamlaza mtu kama gogo wakati miguu yake inahitaji kujongea.

Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Mara tu ninapoketi ndegeni huisogeza saa yangu ya mkononi, na nikifika jioni sikubali kulala hadi saa tatu usiku ya kule. Mwili hujirekebisha kwa kiasi cha saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu zaidi kwa sababu unalazimika kulala kabla ya wakati uliouzoea. Saa mbili asubuhi ya Guangzhou ni saa tisa usiku ya Mwanza, na huo si wakati wa kupatana bei. Niliwahi kulipa malipo ya awali asubuhi ya kwanza, nikaagiza mapazia mengi ya rangi ya krimu ambayo wateja wangu wa Igoma na Buzuruga hawayataki kwa ajili ya vumbi. Siku hiyo sasa huitumia kutembea juani kuanzia saa nne hadi adhuhuri, nikitazama maduka bila kufungua pochi.

Shangazi amekubali kwenda kupimwa miguu hospitali ya Bugando Jumatatu. Soksi za kubana, zinazosaidia damu ya miguuni kurudi juu, nitamnunulia daktari akishaziafiki, na kigimbi chake nimekwisha kukipima leo asubuhi kwa futi ya fundi cherehani, kabla hakijavimba kwa kusimama: sentimita 38. Siti nimeomba mbili zinazofuatana. Yeye atakaa kwenye njia nami upande wa ndani, ili kila nitakapotaka kunyanyuka naye alazimike kunyanyuka.