Kuku wa Dawa

Juzi nimempeleka kitinda mimba wangu hospitali kwa kile kikohozi chake. (Ndiyo, kimerudi. Habari za tangawizi na asali msinitumie tena, nimeshazijaribu zote.) Foleni tangu saa mbili, dirisha la dawa tumelifikia saa sita. Pale kaunta siku hizi wameweka kishikwambi chenye nyuso tano: ya kwanza nyekundu, imenuna, ya mwisho kijani, meno yote nje. Juu yake pameandikwa: Umeridhika na huduma yetu?

"Mama, nibonyeze ipi?"

Nikabaki nimesimama na bahasha za dawa mkononi. Nyuso zile nazijua. Niliwahi kuzitembeza mwenyewe vijijini huko Singida, zimechapwa kwenye karatasi ngumu na kupigwa lamini.

Ilikuwa Februari 2012. Ndiyo ile miezi niliyokuwa nakaa kwa dada, nimemaliza chuo, kazi hakuna, mpaka rafiki akanistua kwamba kuna utafiti unatafuta wadadisi. Posho kila siku, malazi juu yao. Sikuuliza hata unahusu nini. Ulihusu nani analipia matibabu, anatoa kiasi gani na anapata huduma ya namna gani. Mafunzoni tulilishwa historia nzima: uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza 1993, Mfuko wa Afya ya Jamii, ile bima ya hiari ya watu wa vijijini, ukajaribiwa wilaya ya Igunga 1996, sheria yake ikatoka 2001. Mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi, mjamzito hatozwi. Nikakariri yote kama mtu wa mtihani wa darasa la saba.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Unakaa nje ya zahanati, mbali kidogo ili nesi asisikie, unamngoja mgonjwa atoke. Unamsomea ridhaa, anaweka sahihi au dole gumba, unaanza kurasa zako tisa. Siku nyingi zile sasa zimechanganyika kichwani: vumbi, chai ya rangi, alizeti pande zote za barabara. Moja tu imekataa kuchanganyika.

Alikuwa mama wa rika langu, labda ananizidi mwaka mmoja. Mtoto mgongoni, kafunikwa kitenge mpaka kichwani, anapumua kwa kukoroma. Miguuni kaweka kapu la ukindu, na ndani ya kapu kuku jike, kafungwa miguu kwa kipande cha kitambaa chekundu, kichwa nje, ananitazama kwa jicho moja.

"Leo umelipa kiasi gani kumwona mganga?"

"Bure."

"Na kipimo?"

"Bure. Si mtoto huyu."

"Dawa?"

"Hazipo." Akanipa kipande cha karatasi. Amoksilini ya maji, mwandiko wa nesi mzuri kuliko wangu. "Wamesema nikanunue senta."

"Kwa hiyo kwenye dawa umelipa…"

"Nimelipaje, dokta, na nimekwambia hazipo?"

Nikaandika sifuri. Dodoso lilitaka pesa taslimu zilizotolewa siku ile, katika kituo kile. Visanduku vitatu, sifuri tatu, wala sikukosea hata moja.

"Na kuku huyu?" Swali hilo halikuwemo kwenye karatasi, lilinitoka tu.

"Wa dawa."

Alilisema kama unavyosema huyu ni wa mayai, yule ni wa Krismasi. Nikapiga hesabu. Kumbe alimfunga miguu kuku wake alfajiri, kabla mwanawe hajaonwa na mtu yeyote, kabla hajajua anaumwa nini. Alijua matibabu ni bure, na alijua kuku atahitajika. Kichwani mwake mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila ugomvi. Kwenye kurasa zangu tisa hayakuwa na pa kukaa.

Tukafika kwenye nyuso. Nikamkabidhi ile karatasi, nikamweleza kama tulivyofundishwa: huyu hakuridhika kabisa, huyu ameridhika sana, chagua unayefanana naye. Akazitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya zote tano, akaja akasimama kwa yule wa mwisho.

"Huyu anayecheka, yeye kapata dawa?"

Sikuwa na jibu. Mwongozo ulisema mdadisi asimwelekeze mhojiwa, nami nikajificha humohumo. Nikasema, "Chagua tu, mama, hakuna jibu baya."

"Basi huyuhuyu. Nesi hana kosa, kampima vizuri mtoto, kaniuliza na jina lake." Kisha akateremsha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Na kesho nitarudi kwa nani?"

Tano kati ya tano. Nikazungushia.

Nikampa mche wa sabuni, ndiyo shukrani tuliyoruhusiwa na kamati ya maadili. Zaidi ya hapo hakuna. Ukimpa mhojiwa pesa unaharibu utafiti, na ukimnunulia kitu chake ni yaleyale. Lakini dereva wetu hakuwa kwenye kanuni zozote. Kila utafiti una dereva, na kila dereva wa Dar akifika Singida lazima arudi na kuku wa kienyeji. Alikuwa ameshamwona yule kapuni. Mama akaanza na elfu kumi, dereva akatupa tano, wakaachana kwenye saba. Sikusema neno. Huko senta angepata ngapi? Pengine chini ya hapo. Pengine alimwokolea mwendo na jua. Nimelijibu swali hili mara nyingi, kila mwaka kivyake.

Tukaondoka na kuku nyuma ya Land Cruiser, katikati ya maboksi ya madodoso, anadonoa kamba za viatu vyangu.

Usiku, kule gesti, msimamizi alipitia karatasi zangu kwa taa ya simu, umeme ulikuwa umekatika. Akanisifu. Hakuna pengo, hakuna jibu linalopingana na jingine. Ukurasa wa mwisho palikuwa na mistari mitatu ya maoni ya mdadisi, nami nilikuwa nimeandika: ana kuku wa dawa. Akasoma, akacheka, akasema haya ya mwisho huwa hayaingizwi kwenye kompyuta.

Baadaye nilijifunza kwamba wataalamu wana kizingiti: matibabu yakila zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yote ya kaya, kaya hiyo inahesabiwa imeelemewa. Kuku mmoja ni asilimia ngapi? Inategemea bandani wamebaki wangapi. Hilo nalo sikumuuliza. Wala sijui kama ile amoksilini aliikuta dukani, au mtoto yule leo ni kijana wa sekondari. Tangu sheria ya bima ya afya kwa wote ilipopita 2023, kila nikisikia watu wanabishana redioni kuhusu michango na vifurushi, mimi namwona yule kuku tu, kichwa nje ya kapu.

"Mama! Ipi?"

Nyuma yetu mzee mmoja alikuwa ameanza kuguna. Saa nne za foleni, dawa tatu tumepata, ya nne tumeandikiwa tukanunue nje. Yule binti wa dirishani, lakini, alikuwa mpole kweli, kamchekesha mtoto mpaka akasahau kukohoa.

Kabla sijafungua mdomo, kidole kikawa kimeshatua kwenye kijani.

"Kwa nini huyo?"

"Ndiye mzuri."

Nikamshika mkono, tukatoka kutafuta duka la dawa.