Matangi ya Maji ya Chai: kumbukumbu ya mradi wa klabu yetu

Novemba

Kamati ya huduma za jamii ya klabu yetu ya Rotary, mtandao wa klabu za watu wanaojitolea kwa jamii, imeniangushia mradi wa maji ya kunywa ya shule moja. Sababu iliyotolewa mbele ya mkutano ni kwamba mimi ni mkadiriaji majenzi, kwa hiyo mafundi hawatanipiga. Sikuwa na la kujibu. Naandika kila hatua hapa kwa sababu kwenye Rotary rais wa klabu hubadilika kila tarehe 1 Julai, na makabrasha ya miradi huwa yanaishia kwenye buti za magari ya marais waliopita.

Shule ni ya msingi, ya serikali, upande wa Maji ya Chai wilayani Arumeru, chini ya Mlima Meru. Maji huku si haba, mito inateremka kutoka mlimani na chemchemi zipo. Tatizo ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilivumilia hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, maana kuna vijiji vingekosa maji ya kunywa kabisa, baadaye ikashusha hadi 1.5. Vyanzo vingi vya ukanda huu vinapita hapo kwa mbali. Aliyekulia huku haelezwi matokeo yake: meno ya kahawia, na waliozidiwa hupinda miguu. Ukienda kusoma Dar unaulizwa "Wewe wa Arusha?" kabla hujataja jina. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki yote.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Basi kazi ni kuyadaka yakiwa safi na kuyatunza hadi kiangazi.

Nimepima paa la jengo refu la madarasa: mita za mraba 200 hivi, mabati mazima, hayana kutu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa lile linatoa lita 200 kwa kila milimita. Ukitoa yanayomwagika na kuruka, hesabu asilimia 80, lita 160. Matangi mawili ya lita 10,000 yatajaa mvua ikifika milimita 125, na masika ya Arusha, hasa Aprili, yana zaidi ya hapo. Watoto 300 wakinywa nusu lita kila mmoja ni lita 150 kwa siku. Ukiondoa likizo ya katikati ya mwaka, maji ya kunywa yanavuka kiangazi chote. Ya kupikia hayamo kwenye hesabu hiyo.

Januari

Nimegundua kwamba adui wa mradi huu ni kalenda. Mwaka wa Rotary unaisha tarehe 30 Juni, na kila rais anapenda akabidhi mradi akiwa bado ana mkufu wa urais shingoni. Kwa hiyo klabu nyingi hujenga Mei na kuzindua Juni, picha nzuri, utepe mwekundu. Ila tangi la mvua lililozinduliwa Juni litakaa tupu hadi vuli ya Novemba. Nimesimama mkutanoni nikasema gata, ile mifereji ya kudaka maji ya paa, zifungwe kabla ya katikati ya Machi, la sivyo tusubiri mwaka mwingine. Kimya. Kisha mweka hazina, mama ambaye huwa hatoi shilingi bila stakabadhi mbili, akasema: "Mwenzetu yuko sahihi, mvua haina itifaki." Fedha zikapita.

Hapo ndipo naona faida ya kukutana kila wiki. Tangu 2016 kanuni za Rotary zinaruhusu klabu kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi, na vijana wetu wanalipigia debe jambo hilo. Foleni ya Alhamisi jioni ni kero, na bei ya chakula cha hoteli kila wiki si ya mchezo. Nawaelewa. Lakini kila Alhamisi, baada ya kengele na Wimbo wa Taifa, sajenti, mwanachama anayesimamia nidhamu, anapita na kopo lake la faini: umechelewa, toa, umesahau beji, toa, umetajwa gazetini, toa, timu yako imefungwa, toa mara mbili. Halafu rais anauliza, "Maji ya Chai imefikia wapi?" Mbele ya watu arobaini wanaotafuna sambusa huwezi kusema "tunafuatilia" wiki tatu mfululizo. Mkutano wa mara mbili kwa mwezi ungenipa nafasi ya kulala.

(Sajenti amenitoza elfu tano kwa kutumia neno "mililita" badala ya "milimita". Ameingiza kwenye daftari kama "faini ya kitaaluma".)

Machi

Tumejenga. Wazazi walileta mchanga na mawe, sisi saruji, nondo, matangi na gata. Mwalimu mkuu alitaka matangi yakae karibu na geti ili wageni wayaone. Nikamwomba kwa adabu: "Mwalimu, yakikaa kule bomba litakuwa na kiwiko tatu zaidi na mteremko utakufa." Akakubali yakae nyuma ya darasa la nne, kwenye kivuli, ambako maji hayachemki na mwani hauoti haraka.

Nieleze kitu kimoja kwa kirefu, maana nimeona miradi mingi ikikiruka: maji ya kwanza. Paa linakaa miezi likipokea vumbi, kinyesi cha ndege na majani ya mgrivea. Mvua ya kwanza ikija inaosha yote hayo na kuyapeleka kwenye tangi la kunywa. Mafundi wengi hufunga bomba fupi la inchi 4 linaloning'inia, wanaliita chujio. Bomba hilo likiwa na urefu wa mita moja na nusu linabeba lita 12 tu, na paa kama letu linahitaji kumwaga angalau lita 100. Tumeweka pipa la lita 200, yaani milimita nzima ya mvua. Maji yanaanza kujaza pipa, likijaa ndipo yanapita juu kwenda kwenye tangi. Chini ya pipa kuna koki ndogo inayodondosha matone saa zote, ili pipa lijitoe lenyewe kabla ya mvua nyingine. Fundi alikuwa anacheka: "Mkubwa, unatoboa pipa makusudi?" Mvua ya kwanza ilipopiga, tulifungua pipa pamoja. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi, na juu yanaelea manyoya na mjusi mmoja aliyekufa zamani. Hakucheka tena, na nasikia sasa anawafungia mapipa hayo wateja wake binafsi.

Mengine kwa kifupi: wavu wa mbu kwenye kila tundu, koki sita za kuminya badala ya za kuzungusha, jukwaa la zege la kimo cha ndoo. Kufuli moja, funguo mbili.

Aprili

Matangi yamejaa kabla mwezi haujaisha. Nilikuja mkutanoni nikiwa na picha kwenye simu na kifua mbele.

Mgeni wa jioni ile alikuwa daktari wa meno. Amezungumza dakika ishirini, ya kwanza ya utani na kumi na tisa za kutuchoma. Alieleza kwamba floraidi huharibu jino wakati linapotengenezwa ndani ya ufizi, si baada ya kuota. Meno ya mbele ya kudumu, yale yanayoonekana mtu akitabasamu, magamba yake yanaundwa tangu mtoto akiwa mchanga hadi miaka mitatu au minne. Magego ya nyuma huendelea hadi kama miaka minane. "Mtoto anaanza darasa la kwanza ana miaka sita," akasema. "Meno ya mbele mmeshachelewa. Tangi lenu litalinda magego, na litalinda mifupa, hilo si dogo. Lakini mwenye kuhitaji maji hayo zaidi yuko mgongoni kwa mama yake, nje ya uzio."

Akagusa pia jambo ambalo sisi wa huku tunalikwepa: magadi. Makande ya shule yanalainishwa kwa magadi, na magadi yana floraidi yake. Unampa mtoto kikombe cha maji ya mvua, kisha unamrudishia kwenye sahani.

Ukumbi ulitulia. Sajenti alisahau hata kutoza faini ya muda.

Mei

Mkutano mzima umekwenda kwenye swali la nani anywe. Mimi na wengine tumependekeza kila mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano kutoka vitongoji vinavyozunguka shule achote dumu moja la lita 5 kwa siku, kwa daftari. Kamati ya shule ilikuwa na wasiwasi, tena wa haki: leo dumu la lita 5, kesho la lita 20 kwenye bodaboda, na Septemba wanafunzi hawana tone. Mzee mmoja wa klabu, ambaye amekuwamo tangu wengine hatujazaliwa, alisema kazi yetu ni kujenga, mgawo ni wa kijiji.

Kila wiki tunasoma kwa pamoja yale maswali manne ya Rotary ya kupima tunayowaza, kusema na kutenda. Aliyeyatunga ni Herbert Taylor mwaka 1932, mfanyabiashara wa Chicago aliyekuwa anajaribu kuokoa kampuni ya masufuria isifilisike. Tumeyasoma mara nyingi mno kiasi kwamba midomo inakwenda yenyewe. Safari hii kijana mmoja wa Rotaract, klabu za vijana za Rotary, aliyekuwa mgeni wetu, alinyoosha mkono akauliza la pili kwa sauti ya kawaida: "Ni haki kwa wote wanaohusika? Na huyu mtoto wa mgongoni, anahusika au hahusiki?" Sipendi sana mambo ya kukariri, lakini nakiri lilifanya kazi.

Hesabu nikaipiga upya papo hapo nyuma ya karatasi ya ajenda. Kaya 30 kwa lita 5 ni lita 150 kwa siku, sawa kabisa na mahitaji ya wanafunzi, na kaya hazina likizo. Matangi mawili hayatoshi wote. Uamuzi: tangi la tatu, kwenye paa la ofisi ya walimu, liwe la watoto wadogo peke yake, na ufunguo akae nao mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Fedha hazikutosha hadi mweka hazina alipohamisha bajeti ya kibao cha marumaru chenye majina yetu. Wawili walinuna. Mimi nilifurahi waziwazi, nikatozwa faini ya kufurahi.

Juni

Mwezi huu klabu ilikuwa na mengine: uchangiaji damu tarehe 14, na miche kwenye kingo za mto. Upandaji miti nauonea shaka siku zote, watu mia wanapanda na hakuna anayemwagilia Agosti. Hayo mniachie.

Maji ya Chai: sampuli zimepelekwa maabara, kutoka kila tangi na kutoka bomba la zamani la shule, ili mwalimu mkuu awe na karatasi ya kubandika ukutani. Tangi la tatu limefungwa likadaka manyunyu ya mwisho tu, liko chini ya robo. Halitafika Novemba. Kwa hiyo nimekwenda Ngurdoto, kwenye kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi, kuuliza kuhusu machujio ya chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Floraidi inanata kwenye mifupa hiyo, maji yanatoka salama, ila chengachenga huchoka na lazima zibadilishwe. Kuna wasiopenda maji yaliyopita kwenye mifupa, na hilo lazima tuwaulize akina mama kabla ya kununua chochote.

Mama mmoja mwenye mapacha alinijibu kabla sijamaliza swali: "Baba, supu ya mifupa si tunakunywa?"

Makande bado. Mpishi anasema maharage bila magadi yanakula kuni maradufu, na ana hoja. Tunajaribu kuyaloweka usiku kucha kwa maji ya mvua, tuone kuni zinapungua kiasi gani. Rais mpya anavaa mkufu Julai, na nimeshamwomba Alhamisi yake ya kwanza: bei ya machujio, ripoti ya maabara, na zamu ya kuosha gata kabla ya vuli, majina yakiwa yameandikwa.