Ijumaa Jioni, Mkoba Mmoja, na Mjusi wa Tendaguru

Tangu turejee Mtwara mwezi wa Septemba 2024, baada ya kuishi Hamburg miaka miwili na miezi kadhaa ambapo mume wangu alikuwa akisoma sayansi ya bahari, swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama tulifika Paris. Hatukufika. Kila tulipopanga kwenda, ama nauli ilikuwa imepanda, ama mimi nilikuwa na zamu katika nyumba ya kutunzia wazee nilikokuwa nikifanya kazi, na mwishowe tukaacha hata kupanga. Tulikofika ni Lübeck mara tatu, Bremen, Copenhagen, Prague na Berlin. Katika hizo zote, safari ninayoisimulia bila kuombwa ni ile ya Berlin, kwa sababu huko ndiko nilikomwona kiumbe aliyetoka kilomita zipatazo 60 tu kutoka mji wa Lindi, nilikozaliwa na kusoma hadi kidato cha nne.

Nianze na namna tulivyoweza kusafiri, maana hatukuwa watu wenye fedha. Kuanzia Juni hadi Agosti 2022, miezi michache tu baada ya kufika kwetu, serikali ya Ujerumani iliruhusu kuuzwa tiketi ya yuro 9 kwa mwezi, ambayo ilimwezesha mtu kupanda mabasi ya mjini na treni za kawaida nchi nzima, isipokuwa zile za mwendo kasi za masafa marefu. Mei 2023 ikaja nyingine ya yuro 49 yenye masharti yanayofanana. Treni hizo za kawaida husimama kila kituo kama daladala ya kwenda Mikindani, na mtu mwenye haraka hawezi kuzivumilia, lakini sisi tulichokuwa nacho kwa wingi mwishoni mwa wiki ni muda. Ijumaa jioni nilikuwa nikichemsha mayai sita, mume wangu akikanda unga wa chapati (anazipika vizuri kuliko mimi, na kwa kuwa hapa Mtwara hapendi jambo hilo lijulikane, naliandika kwa makusudi), kisha tunajaza chupa ya chai na kuweka kila kitu katika mkoba mmoja. Tulijifunza mapema kwamba Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, hivyo asiyenunua mkate Jumamosi hushinda na njaa au hununua kituoni kwa bei ya kuumiza.

Ndege za bei nafuu tulizijaribu mara moja tu, na kampuni ile sitaitaja. Nauli ilikuwa ndogo kuliko ya basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam, lakini mlangoni mkoba wetu ulionekana umezidi kipimo kwa upana wa vidole viwili, tukatozwa fedha zinazozidi nauli yenyewe. Kuanzia siku ile tukaamua kwamba watu wa reli tubaki kwenye reli.

Kibali cha kuishi Ujerumani kilitupa pia ruhusa ya kutembelea nchi nyingine za mkataba wa Schengen, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, bila kuomba viza upya. Uingereza haimo katika mkataba huo. Dada yangu wa upande wa mama mdogo, anayeishi London, alitualika kwa Idi mara mbili, na mara zote mbili tulipokwisha kuhesabu ada ya viza ya watu wawili tuliona ni afadhali tule pilau kila mtu kwake huku tukitazamana kwenye simu.

Lübeck ndiko tulikokwenda mara nyingi zaidi, kwa kuwa kutoka Hamburg si mbali, hata saa moja haifiki. Mji huo una lango la zamani la matofali liitwalo Holstentor, ambalo minara yake imeinama kwa sababu ya udongo laini ulio chini yake, na una maduka ya marzipan, yaani lozi zilizosagwa na sukari, ambayo mimi niliipenda na mume wangu aliilinganisha na kashata iliyokosa kuungua vizuri. Lakini kilichonivuta hasa ni bahari ya Travemünde, mwisho wa reli. Tulifika asubuhi, maji yakiwa karibu na viti vya vikapu vyenye mapaa ambavyo Wajerumani hukaa ndani yake kujikinga na upepo. Nikamwambia mume wangu tungoje maji yapwe, ili tutembee mbele tuone kilichomo. Alinyamaza, kwa kuwa yeye ndiye msomi wa bahari na alitaka nigundue mwenyewe. Saa nane mchana maji yalikuwa pale pale. Bahari ya Baltiki imefungwa karibu pande zote, na njia yake ya kuunganika na bahari kuu ni nyembamba, kiasi kwamba kupwa na kujaa kwake hakuonekani kwa macho. Nilipoyaonja, chumvi yake ilikuwa hafifu, mithili ya mchuzi wa mgonjwa. Kwa mtu aliyelelewa Lindi, ambako wanawake huijua siku ya bamvua bila kutazama kalenda, kwa kuwa ndiyo siku ya kushuka mwambani kutafuta pweza, bahari isiyokwenda wala kurudi ilinitia huzuni ambayo mpaka leo siwezi kuieleza sawasawa.

Copenhagen tulipapita kwa haraka, na bei zake zilitufukuza kabla ya mvua. Sanamu ya nguva aliyeketi juu ya jiwe, iliyowekwa mwaka 1913, ina urefu wa mita 1.25 tu, na watu waliokuwa wakiisonga kupiga picha walikuwa wengi kuliko walioweza kuiona. Prague ni nzuri kweli, nayo ilituchukua siku tatu za likizo ya Pasaka. Hata hivyo, saa yake maarufu ya ukutani, ya mwaka 1410, inakusanya mamia ya watu kila saa kwa ajili ya sanamu zinazopita dirishani kwa muda usiotosha kumenya chungwa.

Berlin tulikwenda mwezi wa Novemba 2023, kwa zile treni za kusimama kila mahali, tukala chapati zote kabla ya kufika. Mume wangu alikuwa amesikia darasani kwamba makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji huo, Museum für Naturkunde, ina mifupa kutoka Afrika Mashariki. Mimi nilijua habari hiyo kama wanavyoijua Watanzania wengi, kwa maneno ya “mjusi wa Tendaguru” yanayozuka bungeni kila baada ya miaka kadhaa, kisha yanatulia. Tendaguru ni kilima cha kwetu Lindi, ilikochimbwa mifupa hiyo. Neno mjusi lilikuwa limeniharibia picha yote. Nilitarajia kitu cha kuinama kukitazama.

Ukiingia, unakutana naye papo hapo katika ukumbi mkuu, na kichwa chake kipo mita 13.27 kutoka sakafuni. Ni kama kusimama chini ya mnazi na kugundua kwamba mnazi unakuangalia. Si mjusi bali ni dinosaria, na wataalamu sasa humwita Giraffatitan. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na alisimamishwa humo kwa mara ya kwanza mwaka 1937, kisha akasimamishwa upya mwaka 2007. Si kila unachokiona ni mfupa halisi. Pingili za uti wa mgongo ni nzito na dhaifu mno kuning’inizwa, kwa hiyo zilizopo ni za kuigiza.

Mfupa wa kwanza kujulikana kwa Wazungu ulionwa mwaka 1906 na mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha. Uchimbaji wenyewe uliendeshwa kati ya 1909 na 1913, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, na katika misimu yenye kazi nyingi walichimba watu wapatao 500. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilikuja kupewa mnyama mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na kubebwa na wapagazi, siku tatu au nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Uzito wa vyote vilivyosafirishwa ulizidi tani 200, na hakuna hata kilo moja iliyoshuka pwani kwa gari.

Nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu ya vichwa na mabega. Mtoto mmoja wa Kijerumani alimwuliza mama yake mnyama huyu alitoka wapi, mama akasoma kibao akamjibu, “Afrika.” Nilitaka kusema “Lindi”, lakini Kijerumani changu cha nyumba ya wazee kilikuwa cha dawa na shuka, nikaona haya.

Tuliporudi, tuliahidiana kuendelea na utaratibu wetu wa Ijumaa jioni hapa hapa nyumbani. Msimbati tumekwenda, na Kilwa Kisiwani pia. Agosti iliyopita, barabara zikiwa kavu, tulilala Lindi kwa babu yangu na kumweleza kwamba kesho yake tunakwenda Tendaguru. Aliuliza kuna msiba gani huko. Nilipomwonyesha picha ya Berlin kwenye simu alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba baba yake alikuwa akisimulia habari za mizigo ya mawe ya Wajerumani, mizigo iliyowachubua watu mabega, na kwamba wao wakiwa watoto walidhani mzee anatia chumvi.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili kutoka kijiji cha karibu. Kilima ni kifupi, kimejaa nyasi na miti ya porini, na tulikuwa tumekwisha kukipita kabla dereva wangu hajasimama na kunionyesha kwa kidevu. Mume wangu alitoa chupa ya chai. Dereva alipokea kikombe, akatuuliza kwa adabu kama wenzetu wengine wanakuja, kwa sababu, alisema, watu hawaji hapa wawili tu, tena na chapati.