Ripoti Iliyoishia Tarehe 12

Meneja aliingia kwenye chumba chetu cha mafunzo na karatasi moja mkononi, na sharti la kwanza kwenye karatasi hiyo lilikuwa shahada ya sayansi ya kompyuta. Nafasi zake za mafundi wa mifumo zilikuwa zimekaa wazi muda mrefu. Wahitimu aliowataka walikuwa wamekimbilia miji mikubwa, na waliobaki hawakuwa na cheti hicho. Mimi nilikuwa nimemwandalia wanafunzi wangu wa kuandika programu: mama aliyetunza stoo hadi stoo ilipofungwa, fundi cherehani, dada aliyeacha kazi akamuuguze mzazi wake, na kijana aliyetoka gerezani. Wote walishaandika barua za maombi mpaka wakachoka, na nyingi hazikujibiwa kabisa.

Alipitia wasifu zao harakaharaka, akaziweka kando.

"Mwalimu, nakuheshimu," akaniambia, "lakini hawa nitawatetea vipi kwa wakubwa zangu?"

Nikamsimulia habari za Stephanie Shirley. Mwaka 1962, huko Uingereza, alianzisha kampuni ya kuandika programu na kuajiri wanawake walioacha kazi baada ya kupata watoto, kila mmoja akifanyia kazi nyumbani kwake. Barua za kutafuta wateja alizitia sahihi kwa jina la Steve, maana kwa jina lake mwenyewe hazikuwa zikijibiwa. Wanawake hao ndio walioandika programu ya kinasa safari cha ndege ya Concorde. Nikaongeza habari za Pikeville, Kentucky, huko Marekani, ambako mwaka 2015 kampuni moja ndogo ilitangaza kuwafundisha wachimba makaa ya mawe waliopoteza kazi waandike programu. Waombaji walizidi 900, nafasi hazikufika hata ishirini.

Alinisikiliza kwa adabu tu. Akili yake ilikuwa kwenye ripoti ya mauzo iliyomnyima usingizi, basi nikamwomba atuonyeshe hiyo ripoti.

Alikuwa nayo kwenye kompyuta yake, majina ya wateja yameshaondolewa. Kumbukumbu za mauzo zilihamishwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, na jumla za pande mbili zilikataa kulingana. Watu wake walikuwa wanakagua kanuni za hesabu tangu wiki iliyotangulia.

Mama wa stoo hakugusa kanuni hata moja. Alishuka na orodha mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, kama aliyekuwa akihesabu maboksi. Meneja akatazama saa. Nilitamani kumwahi mama yule, nimwonyeshe njia ya mkato, lakini nikajizuia. Usaili ulikuwa wake.

"Mwanangu," akauliza hatimaye, "nyie huwa mnauza mpaka tarehe 12 tu?"

Meneja akainama. Machi iliishia tarehe 12. Aprili hivyo hivyo, na kila mwezi uliofuata.

Mfumo wa zamani uliandika siku kwanza, kisha mwezi. Mpya ulisoma mwezi kwanza. Tarehe 15 Machi ikawa siku ya tatu ya mwezi wa kumi na tano, mwezi usiokuwepo, ikatupwa. Mama akaomba faili la mistari iliyokataliwa, na mauzo yote ya kuanzia tarehe 13 yakakutwa humo.

Mtu mwingine angesimama hapo apongezwe. Yeye akaendelea: "Na hizi zilizokubaliwa msiziamini pia." Alikuwa sahihi. Mauzo ya tarehe 5 Machi yalikuwa yameingia kama ya tarehe 3 Mei, bila mfumo kulalamika. Makosa ya namna hiyo ndiyo ninayoyaogopa zaidi katika kazi hii, kwa sababu hayapigi kelele. Kuyaona kunataka mtu aliyezoea kushuku mzigo uliokwisha kupokelewa, na yeye alikuwa ameishi kwa tabia hiyo kabla hajashika kompyuta.

Kijana akaandika programu fupi ya kugeuza tarehe zote zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinavyoagiza. Wakaingiza upya. Jumla zikalingana.

Meneja aliwachukua wawili hao kwa majaribio. Fundi cherehani na yule dada aliwaacha, ingawa kwa maoni yangu dada ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika kuandika programu, na nilimweleza hivyo mlangoni.

Mwezi uliofuata tangazo la nafasi zilizobaki likatoka tena, shahada ikiwa palepale juu. Nikampigia simu. Nikamuuliza ripoti ya mauzo sasa iko mikononi mwa nani. Akajibu ni ya yule mama. Nikamwambia bado nina watu wawili, na wako tayari kufanya usaili kesho.